Mistari kwenye mkia wa nyangumi ina habari yake

Kusi likishika, hasa Julai hadi Septemba, nyangumi wa nundu hupita pwani yetu. Hutoka bahari ya Antaktika, maelfu ya kilomita, kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Wengi wetu huvutiwa wanaporuka. Mimi naomba tutazame mkia.

Nyangumi anapozama huinua mkia, na upande wake wa chini una weusi na weupe usiofanana na wa mwenziwe, kama alama za vidole. Baadhi ya mikia ina mistari sambamba, mitatu au zaidi, kana kwamba mtu amepitisha reki mchangani. Hayo ni makovu ya meno ya nyangumi muuaji.

Ndama huzaliwa na urefu wa mita nne hivi. Kwetu ni mkubwa, lakini kwa kundi la wauaji ni windo. Kule Ningaloo, Australia Magharibi, watafiti wameshuhudia kundi likimtenga ndama na mamake, kisha likimzuia kupanda juu kuvuta pumzi. Mama hupiga mkia, hujitia kati, humnyanyua mwanawe mgongoni na kukimbilia maji ya kina kifupi. Waliosalimika ndio tunaowaona na mistari. Wengi waliipata utotoni, kwani mtu mzima hashambuliwi ovyo.

Si kila kovu ni la muuaji. Papa huacha alama iliyopinda kama mwezi mchanga. Kamba na jarife huacha kovu linalozunguka shina la mkia, na hilo ni letu sisi binadamu.

Hapo ndipo penye neno langu kwa manahodha wa boti za watalii. Mama anyonyeshaye huku kwetu hali karibu chochote. Anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini. Tukimfukuza kwa mashine, tunamla nguvu anazohitaji kumlinda mwanawe na za safari ya kurudi kusini. Tukipita kati yao, tunamtenga ndama na mamake, kama afanyavyo muuaji.

Basi tupunguze mwendo, tukae ubavuni kwa mbali, tusiwazingire. Tukimwona amenaswa na nyavu, tusijitose majini kumkata kamba. Tuwaarifu KWS upesi. Ndama ana maadui wa kumtosha baharini, nasi tusiwe mmoja wao.