Katuni ya Jumamosi na swali tulilolikwepa kuhusu kifo cha babu

Mimi si mhakiki wa filamu. Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na filamu kwangu ni starehe ya mwisho wa wiki. Natazama sebuleni huku nakunja nguo, na mara nyingi nasinzia kabla haijafika nusu. Leo naandika kuhusu filamu kwa sababu ya swali nililoulizwa Jumamosi moja usiku na mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 6.

Nilikuwa nimelala kwao. Dada alikuwa na flashi iliyojazwa katuni, tukachagua The Lion King, ile ya zamani ya mwaka 1994. Tuliiona salama. Majina ni ya kwetu, Simba, Rafiki, Pumbaa, na nyimbo zake zinachangamsha.

Ikafika sehemu ya nyumbu. Mfalme Mufasa anamwokoa mwanawe, kisha anaanguka na kufa. Simba mdogo anamsukuma baba yake ili aamke, haamki. Anatokea Scar, baba yake mdogo, ambaye ndiye aliyepanga mauaji hayo, anamwaminisha mtoto kwamba yeye ndiye chanzo na kumtaka akimbie asirudi tena.

Mtoto aliacha kula bisi. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mamdogo, na mimi ndiye niliyemuua babu?"

Baba yetu alifariki miezi minne kabla ya usiku ule. Alikuwa amepata kiharusi na siku zake za mwisho alilala chumba kilicho karibu na sebule. Mtoto alikuwa na tabia ya kucheza mpira kwenye korido. Mchana mmoja, nikiwa nimechoka kwa kukesha, nilimfokea: "Acha kelele, utamuua babu yako!" Siku mbili baadaye babu alizidiwa, akakimbizwa hospitali, na hakurudi.

Wakati wa msiba watoto walipelekwa kwa jirani. Baadaye tukamwambia babu amesafiri. Wenzake mtaani walikuwa wamekwisha kumwambia ukweli, lakini kwa kuwa sisi wakubwa hatukusema kitu, na yeye hakuuliza. Akabaki na hesabu yake mwenyewe: nilipiga kelele, babu akafa, na nyumbani hawataki hata lizungumzwe.

Dalili tuliziona. Alirudia kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka 4. Asubuhi za shule alilalamika tumbo. Tulimpa dawa ya minyoo. Mimi, mwandishi wa habari za afya, ndiye niliyekwenda kuinunua.

Kwa nini mtoto hujilaumu

Wataalamu wa makuzi ya watoto wanaeleza kuwa mtoto wa umri wa kwenda chekechea huona kifo kama jambo la muda, kwamba aliyekufa anaweza kurudi. Kati ya miaka 5 na 7, wengi huanza kuelewa kuwa kifo hakina kurudi. Lakini katika umri huohuo bado wanaamini kuwa mawazo, maneno au utundu wao unaweza kusababisha mambo makubwa kutokea. Mtoto aliyemkasirikia mdogo wake jana, akisikia leo mdogo huyo ameugua, anaweza kuamini ni hasira yake.

Ndiyo maana maneno yetu ya kufunika mambo hayasaidii. Ukimwambia mtoto babu "amelala", anaweza kuogopa kulala, au kuogopa wewe ukilala. Ukisema "amesafiri", atamsubiri, na atajiuliza kwa nini babu aliondoka bila kumuaga.

Watoto pia hawaombolezi kama sisi. Mtoto analia dakika 10, kisha anakimbia kucheza, na jioni anauliza tena swali lilelile. Mtu mzima akimwona anacheza husema "huyu hajui kitu". Anajua.

Katuni si pepo ya watoto

Baada ya usiku ule niliangalia upya filamu tunazowawekea watoto. Katika Bambi ya mwaka 1942 mama anauawa na mwindaji. Katika Finding Nemo ya mwaka 2003 mama wa Nemo anatoweka na mayai yake baada ya kuvamiwa na mzia, filamu ikiwa ndiyo kwanza imeanza.

Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliolinganisha katuni 45 zilizopata mapato makubwa na filamu 90 za watu wazima. Watafiti walikuta wahusika wakuu wa katuni walikuwa na uwezekano wa kufa mara 2.5 zaidi ya wale wa filamu za wakubwa.

Sisemi tuzifungie. Kwangu hofu ni pale zinapotazamwa na mtoto aliye peke yake, mzazi akiwa jikoni, au akiwa kiti cha pembeni macho yote kwenye simu. Mtoto anaona kifo, anageuka, hakuna wa kumuuliza.

Filamu nne, kwa jicho la mama mdogo

The Lion King bado naipenda, tena sasa zaidi. Ukiitazama vizuri, ni hadithi ya mtoto aliyekua akibeba kosa lisilo lake kwa sababu mtu mzima alimdanganya. Timon na Pumbaa wanamfundisha kusahau, anacheka na kuimba, lakini haponi. Anapona siku anaposikia ukweli. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6, au aliyefiwa karibuni, kaa naye wakati wa tukio la nyumbu. Usilirushe, na usimwache alitazame peke yake.

Inside Out ya mwaka 2015 inamhusu Riley, msichana wa miaka 11 ambaye familia yake inahama kutoka Minnesota kwenda San Francisco huko Marekani. Ndani ya kichwa chake hisia zimepewa sura, na Furaha anahangaika kumzuia Huzuni asiguse chochote. Mama yake, kwa nia njema, anamwomba aendelee kutabasamu ili asimwongezee baba mzigo. Mtoto anakaribia kupotea. Kinachomrudisha ni kulia mbele ya wazazi wake. Kwa familia zetu, ambako mtoto huambiwa "nyamaza, wewe mwanaume", hii ningeiweka ya kwanza. Watoto wadogo wataona rangi na vichekesho. Wa miaka 8 na kuendelea watauelewa ujumbe.

Hadithi ya Coco ya mwaka 2017 inatokea Mexico, kwenye sikukuu ya kuwakumbuka wafu. Kijana Miguel anavuka kwenda upande wa marehemu. Najua baadhi ya wazazi, Waislamu kwa Wakristo, hawatapendezwa na mizimu inayotembea na kupiga gitaa. Mnaweza kuiacha, au mkaitumia kumwambia mtoto dini yenu inafundisha nini kuhusu waliotangulia. Kilichonigusa mimi ni bibi mzaa bibi yake, Mama Coco, anayepoteza kumbukumbu. Kwa nyumba yenye mzee anayesahau majina ya wajukuu, filamu hii inaweza kumsaidia mtoto kuelewa kuwa bibi hajamchukia.

Ya nne ni ya jirani zetu Kenya, Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Jo, msichana wa miaka 9, anaugua ugonjwa usio na tiba. Anarudishwa kijijini kutoka hospitali, na ndoto yake ni kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu kama wale wa sinema. Mama anataka apumzike ndani. Dada yake anataka acheze na acheke kwa siku zilizobaki, na kijiji kizima kinaingia kwenye mpango huo. Filamu haimponyi kwa muujiza, na ndiyo sababu naiheshimu. Inaonyesha pia kwamba mtoto mgonjwa huwa anajua mengi kuliko wakubwa wanavyodhani. Hii wazazi mtazame kwanza wenyewe, ndipo muamue kama wa kwenu yuko tayari. Mimi nililia hadi nikasahau nguo za kukunja.

Kabla ya kuwasha runinga

Mambo machache tuliyoanza kuyafuata nyumbani:

Kwanza, tunajua kilichomo. Flashi ya mtaani huchanganya katuni na filamu za mapanga, na faili halikuonyeshi alama ya umri. Dakika 10 za mzazi kupitia kilichowekwa zinatosha kuondoa mengi.

Pili, tunaangalia umri na muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 haupendekezi mtoto wa chini ya miaka 2 akalishwe mbele ya skrini, na kwa wa miaka 2 hadi 4 unataka isizidi saa 1 kwa siku.

Tatu, filamu nzito tunaitazama mchana au jioni mapema. Mtoto akipanda kitandani na picha ya kutisha kichwani, giza humwongezea.

Nne, tukio gumu likifika, tunasimamisha na kuuliza: "Unafikiri Simba anajisikiaje?" Ni rahisi kwa mtoto kuzungumzia huzuni ya Simba kuliko yake. Akishazungumza ya Simba, yake hufuata.

Na iwapo mtoto ana ndoto mbaya, anakojoa kitandani, anakataa kula au shule, na hali hiyo inaendelea kwa wiki kadhaa, mpeleke kituo cha afya. Ukifika, taja kwamba kulikuwa na msiba. Daktari hawezi kulijua hilo kwa kumpima minyoo.

Tulichomjibu

Usiku ule nilizima sauti nikamwita dada. Alikaa chini kwenye mkeka, akamweka mtoto mapajani.

Alimwambia babu amekufa, kwa neno hilohilo. Kwamba aliugua kiharusi, ugonjwa ambao mshipa wa damu kichwani huziba au hupasuka, na damu ikashindwa kufika vizuri kwenye ubongo. Kwamba madaktari walijitahidi. Kwamba kelele za mpira haziwezi kuziba mshipa wa mtu.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilimwambia siku ile nilikuwa nimechoka, nilisema jambo la uongo, na naomba anisamehe. Hakunijibu. Aliuliza kama babu alisikia baridi kaburini, dada akamwambia mwili uliokufa hausikii baridi. Akauliza kama anaweza kucheza tena mpira kwenye korido. Tukamwambia anaweza.

Nilitaka kuiondoa ile katuni kabisa. Akakataa. Alitaka kujua kama kuna mtu atakayemwambia Simba ukweli.

Tuliimalizia Jumapili mchana, dada, mama yangu, mimi na yeye katikati. Scar alipokiri kwamba ni yeye aliyemuua Mufasa, mtoto aligeuka akamtazama bibi yake, kisha mama yake, kisha mimi. Halafu akaomba bisi.