Si malaria wala mnazi, ni ketoni

Tangu Likoni hadi Vanga, ukimwuliza mtu ugonjwa wa kisukari waletwa na nini, aghalabu atakujibu kwamba waletwa na kula sukari nyingi. Jibu hilo limezaliwa na jina la ugonjwa wenyewe, wala si ajabu. Lakini lau jina lingekuwa ndiyo hoja, basi wakazi wa Ramisi, waliozungukwa na mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari kwa miongo mingi kabla hakijafungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, wangalikuwa wamekwisha wote. Kosa hilo lingekuwa la kuchekesha tu kama lisingezaa kosa la pili, ambalo halichekeshi hata kidogo: kudhani kwamba tiba ya mwenye kisukari ni kumnyima chakula, na kwamba siku asipokula hana haja ya kujidunga insulini. Kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, dhana hiyo yaweza kumtoa roho katika muda wa siku moja au mbili.

Nasema na walimu na wanafunzi leo, hasa wale wa shule za bweni, kwa sababu ndio wanaokuwa karibu na mtoto huyo usiku anapozidiwa. Daktari yuko Msambweni au Kwale. Mzazi yuko Lunga Lunga au Kinango. Aliye pale bwenini ni mwalimu wa zamu, matroni na mwenzake wa kitanda cha juu. Hao watatu wanapaswa kulijua neno moja ambalo katika shule zetu halisikiki: ketoni.

Katika somo la Biolojia mwanafunzi wa shule ya upili hufundishwa kuhusu kongosho na insulini. Hujua kwamba insulini ndiyo inayoiwezesha sukari iliyomo damuni kuingia katika seli na kutumika. Hata kupima glukosi kwa kimiminika cha Benedict amekwisha kuona katika maabara, rangi ikigeuka kutoka buluu hadi nyekundu ya matofali. Mara nyingi somo huishia hapo, ilhali jambo linaloua kwa haraka liko hatua moja mbele.

Insulini inapokosekana, sukari hujaa damuni lakini seli hazina namna ya kuitumia. Ni mfano wa nyumba yenye ghala lililojaa mahindi na ufunguo umepotea: watu hulala njaa penye shibe. Mwili basi hugeukia mafuta yake wenyewe. Mafuta hayo hupelekwa kwenye ini, na ini huyageuza kuwa ketoni, nazo ketoni hutumika badala ya sukari. Aliyewahi kupikia makuti baada ya kuishiwa na kuni atanielewa. Moto utawaka, chungu kitachemka, lakini moshi utakaojaa jikoni si wa kawaida. Ketoni ni moshi wa namna hiyo. Kidogo chake hakidhuru. Hata mtu mzima wa afya aliyefunga tangu alfajiri huwa na ketoni kidogo kabla ya magharibi. Tofauti ni kwamba mtu huyo ana insulini yake, nayo huuzuia moto usizidi. Mtoto wa kisukari cha aina ya kwanza aliyekosa insulini hana cha kuuzuia.

Ketoni zenyewe ni tatu: asetoasetati, beta-haidroksibutireti na asetoni. Mbili za mwanzo ni asidi, na zikilundikana huifanya damu nayo iwe na asidi kupita kiasi. Mwili hujitetea kwa kupumua kwa kina na kwa haraka ili kuitoa asidi hiyo kwa njia ya pumzi. Pumzi za namna hii zilielezwa na daktari Mjerumani Adolf Kussmaul mwaka 1874, na hadi leo zaitwa kwa jina lake. Asetoni nayo hutoka kinywani na harufu yake, ambayo wengine huifananisha na matunda yaliyoiva mno na wengine na dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Wakati huohuo figo hujaribu kuitoa sukari iliyozidi, mkojo unakuwa mwingi, maji ya mwili yanapungua, na mgonjwa anaanza kutapika.

Hebu sasa tumchukue mwanafunzi wa kubuni, wa kidato cha pili, katika shule yoyote ya bweni kati ya Waa na Shimba Hills. Kwa wiki mbili amekuwa akinywa maji kama aliyetoka jangwani. Usiku huamka mara tano kwenda msalani, na siku moja hakuwahi, wenzake wakamwita kikojozi. Nguo zimempwaya. Darasani analala. Jumamosi usiku anatapika, anashika tumbo, anahema, anapepesuka, na maneno yake hayaeleweki vyema.

Mwalimu wa zamu atafikiri nini? La kwanza ni malaria, na hatumlaumu, kwani Pwani yetu ni nchi ya malaria na kutapika ni dalili ya kawaida. La pili, akimkaribia na kuinusa ile pumzi, atafikiri ni mnazi. Mahali ambapo tembo hugemwa nyuma ya ua wa shule, dhana hiyo huja upesi mno. Na mtoto aliyestahili kupakiwa garini kwenda hospitali huandikiwa barua ya kumwita mzazi. La tatu halisemwi na walimu bali na wenzake bwenini na, mara nyingine, na jamaa zake nyumbani: kwamba ana pepo. Kupumua kule kwa kina, macho yaliyozama na maneno yasiyoeleweka huonekana kama ushahidi tosha, na safari inakuwa ya kwa mganga. Sina nia ya kuwadharau waganga wala imani za wazee wetu. Nasema tu kwamba asidi hiyo haisubiri ngoma iishe.

Hapo ndipo kipimo kinapohitajika, na kipimo chenyewe si cha ajabu. Ni kijiti chembamba cha plastiki chenye kiraka mwishoni, kinachochovywa kwenye mkojo kisha rangi yake ikalinganishwa na zilizochorwa kwenye kichupa. Ketoni zikiwapo kiraka hugeuka kuelekea waridi hadi zambarau iliyokoza. Kusoma huchukua sekunde 15 kwa aina moja, 40 kwa nyingine, na ni lazima kufuata maandishi ya kichupa kwa sababu rangi huendelea kukoza. Naomba walimu walitambue jambo hili: vile vijiti vyenye viraka 10, ambavyo hutumika sana katika vituo vya afya kupimia mkojo wa akina mama wajawazito, huwa na kiraka cha ketoni miongoni mwa vile 10. Kwa hiyo mara nyingi kipimo kimo humo humo kliniki, katika kabati ileile, na kinachokosekana ni mtu wa kuuliza: mtoto huyu amepimwa ketoni?

Swali hilo liulizwe hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha kwamba malaria ipo. Maambukizo ni miongoni mwa mambo yanayozipandisha ketoni kwa mwenye kisukari, kwa kuwa mwili ulio vitani huhitaji insulini zaidi. Malaria na asidi ya ketoni huweza kumkuta mtoto mmoja usiku mmoja, na aliyetibiwa ya kwanza peke yake hajatibiwa.

Kijiti cha mkojo kina upungufu wake. Hupima asetoasetati tu, ilhali wakati wa hatari ketoni iliyo nyingi zaidi ni beta-haidroksibutireti. Tena mkojo husimulia habari za saa zilizopita, si za sasa. Mgonjwa anapoanza kutibiwa, ketoni hii hugeuka kuwa ile, na kijiti chaweza kuonyesha kwamba hali inazidi kuharibika ilhali mgonjwa anapata nafuu. Kipimo cha damu, kinachotumia tone la kidoleni kama kile cha sukari, ni bora. Chini ya milimoli 0.6 kwa lita ni hali ya kawaida. Kati ya 0.6 na 1.5 ni dalili ya kuangalia na kupima tena. Juu ya 1.5 ni hatari inayokaribia. Ikifika 3 au zaidi, mgonjwa hana pa kwenda ila hospitali, tena mara moja. Kwa bahati mbaya vijiti vya damu ni ghali na ni adimu, na sioni busara ya kuwasubiri hao walio ghali ilhali cha mkojo kipo na chatosha kutupigia mbiu.

Ketoni zisisomwe peke yake bila sukari. Mwanafunzi mzima aliyeshinda na njaa anaweza kuwa na ketoni mkojoni na asiwe na ugonjwa wowote. Zinapokutana ketoni nyingi na sukari ya juu, tuseme zaidi ya milimoli 14 kwa lita, hapo pana jambo.

Kutaja njaa kwanileta kwenye Ramadhani, nami sitaki kulipita suala hili kimya katika kaunti ambayo watu wake wengi ni Waislamu. Kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza huwaona wenzake wakifunga na yeye hapendi kuonekana mnyonge. Wataalamu wa kisukari humhesabu miongoni mwa walio katika hatari kubwa, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Anayeazimia kufunga hata hivyo azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, asiiache insulini ya msingi kwa kisingizio cha kuwa hali chakula, na afungue mara sukari ishukapo chini ya 3.9 au ipandapo juu ya 16.6. Wanazuoni wengi wamesema kwamba kutoa tone la damu kidoleni kwa ajili ya kupima hakubatilishi saumu, na ingefaa maimamu wa Diani na Ukunda wayaseme hayo mimbarini ili vijana wasijifiche.

Wanafunzi watauliza, je, kabla ya insulini watoto hawa walikuwaje? Walikufa. Leonard Thompson alikuwa na umri wa miaka 14, sawa na wengi wa kidato cha kwanza, alipolazwa katika hospitali ya Toronto nchini Canada akiwa amebaki ngozi na mifupa, kwani tiba ya siku zile ilikuwa kumlisha mgonjwa kidogo sana ili aishi siku chache zaidi. Tarehe 11 Januari 1922 alidungwa dawa iliyotengenezwa na Frederick Banting na Charles Best. Sukari ilishuka kidogo, lakini ketoni hazikuondoka mkojoni, na madaktari wakasimamisha sindano. Mwenzao James Collip aliisafisha dawa ile, na tarehe 23 Januari mtoto akadungwa tena. Safari hii ketoni zilitoweka. Leonard aliishi hadi mwaka 1935. Angalia basi kwamba tangu siku ya kwanza ya insulini duniani, ketoni zilikuwa miongoni mwa ishara ambazo madaktari walizitazama ili wajue kama dawa imefanya kazi.

Kuhusu mwanafunzi ambaye ugonjwa wake unajulikana, shule ina wajibu wa aina nyingine. Siku anapougua homa au kuhara asiambiwe kwamba kwa kuwa hakula sima asijidunge. Kiasi cha insulini chaweza kubadilishwa kwa maagizo ya daktari, lakini isiachwe kabisa. Apimwe sukari na ketoni kila baada ya saa chache, anyweshwe maji kwa wingi, na akitapika mfululizo au kijiti kikikoza rangi asingojewe apambazukiwe. Hospitalini atawekewa maji ya mshipani, insulini, na potasiamu kwa kipimo, kazi ambayo haifanyiki bwenini wala dukani kwa muuza dawa.

Insulini yenyewe huharibika kwa joto, na iliyoharibika huonekana sawasawa na iliyo nzima. Kichupa kilichofunguliwa hudumu yapata wiki 4 mahali pasipo joto kali. Sanduku la bati chini ya paa la mabati mwezi wa Machi si mahali hapo. Pasipo na jokofu, mtungi wa udongo wenye maji husaidia. Kwa haki ni lazima niseme kwamba husaidia zaidi Kinango, ambako hewa ni kavu, kuliko Gazi au Shimoni ambako unyevu wa bahari huyazuia maji yasikauke juu ya udongo na kuupoza mtungi. Katika shule za mwambao, jokofu la jikoni au la ofisi ya mwalimu mkuu ndilo lifunguliwe kwa ajili ya mtoto huyo, na pasiwe na mtu wa kumwuliza kila asubuhi anatafuta nini mle.

Tangu mwaka 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo ombi langu halihitaji kupanda basi kwenda Nairobi. Idara ya afya ya Kwale ihakikishe kwamba kila zahanati iliyo karibu na shule ya bweni ina vijiti vyenye kiraka cha ketoni na kipimo cha sukari, na kwamba mhudumu wa zamu ya usiku anajua kuvisoma. Bodi za shule nazo zimtengee matroni kichupa kimoja na saa moja ya mafunzo. Kichupa hicho kikifunguliwa, kiandikwe tarehe ya siku hiyo kwa kalamu isiyofutika na kifunikwe barabara kila mara, kwani unyevu wa Pwani huviharibu vijiti. Aina nyingi hazifai tena baada ya miezi michache, hata kama tarehe iliyopigwa kiwandani bado haijafika.