Shule za Johannesburg: kufaulu kunapanda, kusoma je?

Na Mwandishi Wetu, Johannesburg

Ukipita Malvern, mashariki mwa Johannesburg, kando ya barabara ndefu ya Jules, hukosi kusikia Kiswahili: cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Kigoma. Na wazazi wakikutana, baada ya kuulizana habari za nyumbani, mazungumzo huishia kwenye shule. Je, shule za serikali za hapa zinashuka kiwango?

Kila Januari serikali hutoa jibu lake kwa matokeo ya matriki, mtihani wa darasa la 12. Mwaka 2016 walifaulu asilimia 72.5 ya watahiniwa. Mwaka 2021 wakafika asilimia 76.4, na mwaka 2024 asilimia 87.3. Kwa hesabu hiyo, elimu inapanda.

Lakini ipo hesabu nyingine. Uchunguzi wa kimataifa uitwao PIRLS hupima usomaji wa watoto wa darasa la nne. Mwaka 2016, asilimia 78 ya watoto wa Afrika Kusini hawakuweza kusoma na kuelewa. Mwaka 2021, baada ya masomo kuvurugwa na COVID-19, wakawa asilimia 81. Yaani katika miaka ile ile ambayo kufaulu kulipanda juu, kusoma kulizorota chini. Na wanaoacha shule kabla ya darasa la 12 hawamo kabisa kwenye asilimia za matriki.

Wapo wasemao kuwa zamani shule za hapa zilikuwa bora. Tunawauliza: bora kwa nani? Enzi za ubaguzi wa rangi Malvern ulikuwa mtaa wa Wazungu, na fedha za elimu zilifuata rangi ya mtoto. Sheria ya Elimu ya Bantu ya mwaka 1953 iliwapangia Waafrika elimu duni makusudi. Hiyo si zamani ya kutamaniwa.

Watoto wetu wana mzigo wa ziada. Nyumbani ni Kiswahili, uwanjani Kizulu, darasani Kiingereza. Mtoto anaweza kuusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, asijue hadithi ilihusu nini. Mzazi akisikia sauti ile huridhika.

Tusiridhike. Jioni mwambie mwanao asome ukurasa mmoja, kisha afunge kitabu na kukusimulia kwa Kiswahili. Akishindwa, mwone mwalimu mapema, usingoje ripoti ya Desemba.

Tunajua wengi wetu huogopa kufika shuleni kwa sababu ya karatasi. Hofu hiyo haikuzuka bure: Septemba 2019, katika ghasia dhidi ya wageni, yadi za magari zilichomwa moto katika barabara hiyo hiyo ya Jules. Lakini Desemba ya mwaka huo huo, Mahakama Kuu ya Makhanda iliamua kwamba mtoto asinyimwe elimu ya msingi kwa kukosa hati. Kwa hiyo mzazi anayeuliza maendeleo ya mwanawe haombi hisani.

Kila mmoja wetu, alipoulizwa kwa nini anavumilia ugenini, amewahi kujibu: ili watoto wasome. Basi tuhakikishe wanasoma kweli.