Mpini wa Pembe Niliouona Timau

Mtu wa pwani akitajiwa kisu cha fahari, aghalabu mawazo yake hukimbilia jambia. Nami nilikuwa vivyo hivyo mpaka siku nilipofunga safari kwenda Timau, mji mdogo ulio kati ya Nanyuki na Meru, kaskazini ya Mlima Kenya. Nilikuwa nimeambiwa yupo mzee huko, mchunga kondoo wa zamani katika mashamba ya walowezi, mwenye mkusanyo wa visu vya mfukoni vya mpini wa pembe. Nikamchukulia chupa ya mafuta ya nazi, avipake visishike kutu. Kwa baridi ya kule mafuta yalifika yameganda kama samli. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Mgeni, hata mafuta yako yanataka koti!"

Alitandika kitambaa mezani akavipanga, kumi na kimoja. Vingi vilikuwa kazi ya Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu karne nyingi. Kimoja kilikuwa na nyota na msalaba, chapa ya Joseph Rodgers. Kingine kimeandikwa I*XL, chapa ya Wostenholm. Walowezi waliolima ngano na kufuga kondoo hapo walivitia mifukoni, na walipoondoka baada ya uhuru wa 1963 vingine vilibaki na wachungaji.

Nilipotaka kutazama makali, alinizuia. "Kifunge kwanza, usikilize." Naam, kamani nzima hulia tak! mara moja, wala bapa halichezi. Kisha hutazamwa upana wa bapa, kwani walionoa kwa jiwe la mashine wameila feleji hata kisu kimebaki kama sindano. Mpini huja mwisho, nao ndio wenye uzuri wote: mkwaruzo kama gome la mti, kahawia kwa nje, na penye kusuguliwa na kiganja miaka mingi pamegeuka rangi ya asali. Pande mbili hazifanani kamwe. Zikifanana mno, basi ni plastiki.

Pembe hiyo ni ya ayala, mnyama asiye na asili katika Afrika kusini ya Sahara. Mafundi wa Sheffield waliipenda sana ya sambar, ayala mkubwa wa India. Pembe ya ng'ombe au swala ni ganda lililovaa mfupa, haianguki. Ya ayala ni mfupa mtupu, na kwa kawaida humwanguka kila mwaka ikaota nyingine. Wako ayala waliowindwa, lakini pembe nyingi ziliokotwa tu msituni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 India ilipiga marufuku kuzisafirisha nje, na tangu hapo visu hivi vimepanda thamani. (Chuoni tulisomeshwa kuwa Mashafii na Mahanafi wamehitilafiana juu ya mfupa na pembe ya mnyama asiyechinjwa. Mas'ala hayo sikumfungulia mzee.)

Kwa kuwa amejivuna na vyake, nami nikajivuna na changu. Nikamweleza jambia la babu yangu, lenye mpini wa kipusa, ambao ukiuelekeza kwenye jua huwaka kama kaharabu. Mzee akanyamaza kidogo.

"Na huyo kifaru, baba, aliota nyingine?"

Nilijua jibu. Kifaru akikatwa pembe kwa uangalifu huota tena, lakini majangili hawakungoja. Miaka ya 1970 wanaume wa Yemen walipata fedha za kazi Saudia, kila mmoja akataka jambia la kipusa. Kenya ilikuwa na vifaru weusi takriban 20,000 mwaka 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika 400. Jambia letu ni la kale zaidi ya balaa hilo, lakini ni mipini kama huo iliyowafundisha watu kutamani.

Mzee alinitoa mlangoni akanionyesha bonde lililo chini ya Timau, upande wa Lewa, ambako tangu 1983 vifaru wamewekewa hifadhi yenye ua na walinzi wa bunduki.

Nilimwomba aniuzie kijembe kimoja, kile cha nyota na msalaba. Akaniuliza nitakifanyia kazi gani. Nikasema nitakitundika ukutani, kando ya jambia. Akakikunja, tak, akakirudisha mfukoni.