Flashi TB Mbili, Buku Saba: Mnadani Unapigwa Mchana Kweupe

Oya mwanangu wa Nduguti, sogea. Mnada umechangamka, vumbi linatimka, mbuzi wanalia, mitumba imemwagwa chini. Pembeni kuna mwamba kashika kipaza: "Bei ya hasara! Bosi kalala! Flashi TB mbili, buku saba!" Washkaji wamejazana kama kuna pilau la bure. Mmoja kachukua tatu. Tatu!

Twende hesabu za darasa la nne. TB mbili ni kama GB elfu mbili. Gawa buku saba hapo, GB moja inatoka shilingi tatu na nusu. Kwa shilingi tatu na nusu hata pipi hulambi. Kingston walipoitambulisha flashi yao ya TB mbili, Januari 2017, lilikuwa likitu linene, na bei yake huwezi kuitaja mbele ya wazazi. Leo wewe unaipata hapa, katikati ya kandambili na sumu ya panya? Na imeandikwa "Kingstone"? Kuwa serious.

Mchezo uko hivi. Ndani ya flashi kuna kachipu kanakosimamia kila kitu. Wazee wa magumashi wanakafundisha uongo. Ndani kuna GB nane tu, ila kompyuta ikiuliza, kenyewe kanajibu TB mbili bila kupepesa macho. Unamwaga muvi, zinaingia. Unamwaga ngoma, zinaingia. Ukishavuka zile nane za kweli, mzigo mpya unapotea hewani au unaandikwa juu ya ule wa zamani. Majina ya mafaili yote yapo, yamejipanga fresh kabisa. Sasa bonyeza. Kimya. Picha za sendoff ya dada yako zimeondoka, na MC ulishamlipa. Umeyatimba.

Wazee nao wana kipimo chao. Dingi akipewa kitu chochote cha umeme anakipima kwa kiganja, anakunja uso, anatoa hukumu: "Hii nzito. Ya Mjerumani hii." Mzee, tulia. Mwaka 2011 stori ilitoka Urusi: hard disk ya nje, imeandikwa GB 500, imefunguliwa kwa fundi. Ndani flashi ya MB 128 na nati mbili kubwa za chuma. Za kuongeza uzito! Ukiweka muvi unaona dakika za mwisho tu, kila anayekufa keshakufa. Yaani matapeli walishamsoma dingi zamani.

Simu angalau zina mwenyewe. Juni 2016 TCRA walizima simu feki, watu wakaamka na tofali mfukoni. Mpaka leo unabonyeza *#06#, IMEI inakuja, unaihakiki, unajua umeshika nini. Flashi haina IMEI. RAM haina. Chaja haina. Hapo uko peke yako na kichwa chako. Dawa ya flashi ipo na ni ya bure: H2testw kwa Windows, F3 kwa wa Linux na Mac. Inaijaza flashi mpaka pomoni, halafu inasoma kilichoandikwa. Inakula muda, ndiyo. Muuzaji akinuna, umeshapata jibu kabla programu haijamaliza.

Sasa laptop, maana huko ndiko laki zinakofia. Mnadani kila laptop ni "Core i5". I5 ya mwaka gani, bosi? Anakuangalia kama umemtukana. Cheki namba baada ya kile kistari: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8250U ni cha nane. Windows 11 kwa Intel inataka kuanzia cha nane, na Microsoft walishafunga duka la Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana EliteBook 840 G3, za kizazi cha sita, zimeshuka bei hivi. Maofisi ya Ulaya yanazitupa, wewe unavimba nazo kijiweni. Sisemi usinunue. Kwa Word na muvi inapiga kazi. Ila usilipie bei ya pisi kali.

Na kabla hujatoa mshiko, iwashe, ingia BIOS. HP ni F10, Dell ni F2. Ikiomba nywila, rudisha mezani, sepa. Hiyo bado ni mali ya ofisi ya watu kiroho. "Betri imeisha chaji, ila haki ya Mungu inawaka" ni chai hiyo, na unajua kabisa mnadani soketi hakuna. Ndiyo sababu anauzia hapo.

Vifaa vyake navyo vina mitego. Chaja za Dell zina kipini katikati kinachojitambulisha kwa mashine. Famba inaingia vizuri, taa inawaka, betri haipandi hata asilimia moja. RAM ya DDR3 haikai kwenye tundu la DDR4, pengo limehamishwa makusudi, kwa hiyo acha kusukuma kwa gumba.

Usidhani ushamba huu ni wa huku kwetu Mkalama tu. Januari 2025 Wajerumani, wale wale wa dingi, walikuta hard disk za Seagate walizolipia kama mpya kumbe zimeshapigishwa kazi maelfu ya masaa, kumbukumbu zake zimefutwa. Dukani, na risiti! Kwa hiyo hata ukienda Nanenane pale Nzuguni na tisheti mpya, beba laptop yenye chaji, upime kabla ya kulipa.

Warantii? Muuzaji wa mnadani atakuandikia mwaka mzima kwenye karatasi ya daftari, kiroho safi. Muulize kesho yuko mnada gani. Boda ya kumfuata mpaka Iguguno inaweza kuzidi bei ya RAM yenyewe, na ukimkuta atakuambia uliiunguza mwenyewe.