Je, Wajua? Jangili Huchongewa na Joto la Mwili Wake

Kamera ya joto haihitaji mwanga hata chembe. Kila chenye joto hutoa mionzi ya infraredi, ile ambayo mwanaastronomia William Herschel aliigundua mwaka 1800 kwa kutumia kipimajoto. Jicho letu haliioni; kamera huinasa na kuigeuza picha, mara nyingi chenye joto kikiwa cheupe na cha baridi cheusi.

Huko Maasai Mara, Kenya, shirika la uhifadhi la WWF lilileta kamera hizi mwaka 2016, zikafungwa juu ya gari la doria. Jangili aliyezoea kujificha gizani akawa anang'aa kama taa. Katika hifadhi nyingine nchini humo, kamera zilisimikwa kwenye nguzo mpakani, zikiunganishwa na programu inayotofautisha mtu na mnyama, kisha kuwaarifu askari. Hapo ndipo penye ujanja hasa, maana swala naye ana joto, na hakuna askari atakayekesha akikodolea macho skrini.

Lakini chombo hiki nacho kina udhaifu wa kuchekesha: kioo cha kawaida cha dirisha hukipofusha. Ndiyo maana lenzi yake huundwa kwa germani, elementi ambayo kwa macho yetu hung'aa kama chuma na haipenyezi mwanga. Na jua la mchana likiwaka hadi ardhi ikawa na joto sawa na la mwili, hata tembo anaweza kumezwa na mandhari.