Ebrahim Si Ibrahim

Mpendwa mtahiniwa, ukiandika kwamba tamthilia ya Kinjeketile (1969) ni ya Ibrahim Hussein, umemtaja mwanariadha. Ibrahim Hussein ni Mkenya aliyeshinda mbio za marathoni za New York mwaka wa 1987, kisha za Boston mara tatu: 1988, 1991 na 1992. Mtunzi wa Kinjeketile, Mashetani na Arusi ni Ebrahim Hussein wa Tanzania. Jina ni lile lile; tofauti ni irabu moja tu, nayo huwaponza wengi. (Mimi mwenyewe niliwahi kulikosea ubaoni, mwanafunzi akanisahihisha!) Nawe mwalimu, usilizungushie wino mwekundu kisha unyamaze. Mwonyeshe mwanafunzi jalada la kitabu, alinakili jina kama lilivyochapishwa, si kama analisikia.